Kuta za Mawe za Lambwe na Sheria ya Turathi: Somo kwa Wakaazi

Bonde la Lambwe liko kati ya milima ya Gwassi na mteremko wa Kanyamwa, katika Kaunti ya Homa Bay. Kusini mwake, katika Kaunti ya Migori, liko boma kubwa la mawe la Thimlich Ohinga, ambalo sasa linajulikana ulimwenguni kote. Watafiti walioanza kuandika habari za maboma haya miaka ya 1960, na waliowafuata, wamehesabu maboma zaidi ya 500 katika sehemu zaidi ya 130 za eneo lililoitwa zamani Nyanza Kusini. Mengi yako ndani ya mashamba ya watu.

Thimlich Ohinga ina ulinzi wa sheria ya taifa na wa mkataba wa kimataifa. Sehemu kubwa ya maboma mengine haina tangazo, haina mipaka iliyopimwa na haina mlinzi. Somo hili linaeleza kwa nini hali iko hivyo, sheria za nchi zinasema nini, ni mabadiliko gani yanayohitajika, na mkaazi ana nafasi gani katika kuyaleta.

Ohinga ni nini?

Kwa Kidholuo, ohinga ni boma lenye ukuta wa mawe. Zikiwa nyingi huitwa ohingni. Jina Thimlich limetokana na maneno mawili, thim, yaani msitu, na lich, yaani kutisha.

Kuta hizi zilijengwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha. Fundi alichagua mawe yasiyochongwa, akayapanga yakabana yenyewe. Ukuta una uso wa nje na uso wa ndani, na katikati hujazwa mawe madogo. Milango ni mifupi, hata anayeingia hulazimika kuinama, na juu yake yamelazwa mawe marefu ya kubeba uzito. Kuta za Thimlich zina unene wa mita moja hivi, na sehemu nyingine zinapita mita nne kwenda juu.

Shirika la UNESCO linakadiria kwamba Thimlich ilijengwa karne ya 16. Watu wa jamii mbalimbali, Wabantu na Waniloti, waliishi humo kwa zamu. Ukuta uliwakinga watu na mifugo, na pia ulionyesha ukoo na mpangilio wa nyumba. Desturi ya kujenga na kutumia maboma ya aina hii iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo elimu ya kupanga mawe haya haikupotea zamani sana, na kumbukumbu zake bado zimo katika simulizi za wazee.

Ukuta usio na saruji una udhaifu mmoja mkubwa: jiwe likitolewa, yale yaliyolitegemea hulegea. Mizizi ya miti husukuma mawe, na ng'ombe wakipita juu yake huyaangusha. Mtu anayebeba mawe ya ukuta kwenda kujenga msingi wa nyumba humaliza kazi ya karne kadhaa kwa wiki chache. Mawe yakishatawanyika, hakuna mchoro wa kuonyesha yalivyokuwa, isipokuwa kama boma lilipimwa na kupigwa picha mapema.

Sheria zilivyotungwa

Sheria ya kwanza ya kulinda maeneo ya kale nchini Kenya ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1927. Mwaka huohuo magofu ya Gedi, katika pwani, yalitangazwa kuwa eneo la kihistoria. Mwaka 1934 ilikuja sheria nyingine iliyohusu vitu vya kale na visukuku. Baada ya uhuru, mwaka 1983, Bunge lilipitisha sheria mbili: moja ya mambo ya kale na nyingine ya makavazi. Thimlich Ohinga ilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980.

Mwaka 2006 sheria hizo mbili ziliunganishwa kuwa moja, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa, na ndiyo inayotumika hadi leo. Mambo makuu ambayo mkaazi anafaa kuyajua katika sheria hiyo ni haya:

1. Waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, anaweza kutangaza eneo au jengo kuwa la kumbukumbu kwa kuchapisha notisi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye pingamizi hupewa muda wa kuliwasilisha.

2. Vitu vya kale vilivyo ardhini au vinavyogunduliwa ni mali ya serikali. Anayevipata hana ruhusa ya kuviuza, na kuvipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa.

3. Anayegundua eneo la kale au kitu cha kale anatakiwa kuijulisha Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa na namna alivyokipata.

4. Hakuna anayeruhusiwa kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni, hata katika shamba lake mwenyewe.

5. Mwenye ardhi na Makavazi wanaweza kuandikiana makubaliano kuhusu utunzaji wa eneo la kale lililo katika ardhi hiyo.

Sheria hii inataja pia michoro ya miambani na kazi za kale zisizohamishika. Lakini katika utekelezaji, ulinzi ulio wazi, wenye mpaka unaojulikana na adhabu isiyo na ubishi, ndio ule unaotokana na notisi ya Gazeti Rasmi. Boma ambalo halijatajwa humo linaweza kubomolewa kabla ya afisa yeyote kujua kwamba lilikuwepo.

Katiba ilileta nini?

Sheria ya 2006 ilitungwa miaka minne kabla ya Katiba ya 2010, wakati kaunti hazikuwapo. Katiba imebadilisha mambo matatu yanayohusu turathi.

Kwanza, Kifungu cha 11 kinatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao na turathi zao zinapotumiwa. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2016. Ni Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, na inazipa serikali za kaunti kazi ya kwanza ya kusajili maarifa ya jadi yaliyo katika maeneo yao. Elimu ya kupanga mawe bila saruji inaweza kuandikwa katika rejista hiyo, pamoja na majina ya jamii zinazoihifadhi.

Pili, Kifungu cha 63 kinahesabu maeneo ya ibada za jadi yanayotunzwa na jamii kuwa sehemu ya ardhi ya jamii.

Tatu, Jedwali la Nne liligawa kazi kati ya serikali mbili. Serikali ya kitaifa ilipewa maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Serikali za kaunti zilipewa shughuli za utamaduni, makavazi ya kaunti, utalii wa ndani ya kaunti na upangaji wa ardhi.

Hapa ndipo penye tatizo. Thimlich Ohinga bila shaka ina umuhimu wa kitaifa. Lakini boma dogo la Lambwe lenye milango miwili, ambalo jina lake linajulikana na ukoo mmoja tu, ni la nani? Katiba inasema kwamba kazi ambayo kaunti haikupewa inabaki kwa serikali ya kitaifa. Hata hivyo, sheria ya 2006 haina ngazi ya turathi za kaunti, na haisemi nani aamue kipi ni cha kitaifa na kipi si cha kitaifa. Afisa wa kaunti anaweza kuona ukuta unabomolewa akakosa sheria ya kumwezesha kuzuia. Afisa wa Makavazi ana sheria, lakini yuko mbali na hana orodha.

Linganisha hali hiyo na wanyama wa bonde hilohilo. Lambwe ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120 hivi. Korongo, swala mkubwa ambaye kwa Kenya amebaki huko tu, ana mbuga yenye mipaka, ana walinzi na ana Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Boma la mawe lililo nje ya uzio halina hata kimoja.

Wengine wamefanya nini?

Kenya yenyewe ina mfano mzuri katika pwani. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda ilikuwa ikikatwa na ardhi yake kugawanywa. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilitangaza Kaya nyingi kwa pamoja katika Gazeti Rasmi, na Makavazi yakaweka kitengo cha kushughulikia misitu hiyo kwa kushirikiana na wazee. Mwaka 2008 Kaya ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mfano huu unaonyesha kwamba si lazima maeneo yatangazwe moja moja kwa miaka mingi. Yakishaorodheshwa na kupimwa, yanaweza kutangazwa kwa mkupuo.

Jirani zetu Tanzania walichukua njia nyingine. Sheria yao ya Mambo ya Kale ya 1964 ilitumia mwaka kuwa mpaka: jengo lililojengwa kabla ya 1863 lina ulinzi kwa sababu ya umri wake, bila kungoja notisi.

Afrika Kusini nayo ina mabaki ya makazi yenye kuta za mawe, na Sheria yake ya Turathi ya 1999 inatumia njia zote mbili. Turathi zimepangwa kwa ngazi tatu, ya taifa, ya mkoa na ya mtaa, na kila ngazi ina mamlaka yake. Zaidi ya hayo, jengo lolote lenye umri wa zaidi ya miaka 60 halibomolewi wala kubadilishwa bila kibali. Kwa hiyo mwenye jengo ndiye anayetakiwa kuuliza kabla ya kubomoa. Jamii hailazimiki kukimbilia notisi baada ya tingatinga kufika.

Hofu ya mwenye shamba

Wapo wanaokaa kimya kuhusu maboma yaliyo mashambani mwao kwa kuogopa kwamba wakisema, shamba litachukuliwa. Hofu hii ni ya kweli, na sheria yoyote mpya itakayoipuuza itashindwa.

Kutangazwa kwa eneo la kumbukumbu hakumwondolei mtu hatimiliki yake. Kunaweka masharti juu ya sehemu iliyotangazwa: mawe yasiondolewe, pasichimbwe, pasijengwe. Serikali ikitaka kuichukua ardhi yenyewe, Kifungu cha 40 cha Katiba kinaitaka ilipe fidia ya haki na kwa haraka.

Lakini mkulima mwenye ekari mbili, akiambiwa robo yake isilimwe, amepata hasara hata kama hatimiliki imebaki mkononi. Ni haki kuuliza atapata nini. Majibu yanayowezekana ni pamoja na punguzo la ada za ardhi, malipo ya utunzaji, nafasi ya kwanza ya kazi ya kuongoza wageni, na mgao wa ada ya kiingilio. Mambo haya hayafai kuachwa kuwa ahadi za barazani. Yanafaa kuandikwa katika sheria au katika makubaliano yenye sahihi za pande zote.

Thimlich ni somo pia katika hili. Ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, eneo lenyewe lilikuwa hekta 21, na kulizunguka likawekwa eneo la kinga la hekta 33. Eneo la kinga linagusa maisha ya majirani: wapi mtu ajenge, wapi achimbe mawe, barabara ipite wapi. Utunzaji wake unategemea ukubali wa majirani hao kila siku, si bango la langoni peke yake.

Mabadiliko yanayohitajika

Kutokana na hayo yote, marekebisho ya sheria yanayofaa kujadiliwa ni manne.

Kwanza, sheria ya kitaifa iweke ngazi za turathi, ya taifa na ya kaunti, na ieleze nani anatangaza, nani anagharimia na nani anashtaki katika kila ngazi.

Pili, iweke ulinzi wa jumla kwa umri au kwa aina. Kwa mfano, inaweza kusema kwamba hakuna boma la kale la mawe litakalobomolewa bila kibali, liwe limetangazwa au halijatangazwa.

Tatu, orodha ya turathi iwe sehemu ya mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inazipa kaunti kazi ya kuandaa mipango hiyo. Boma likionekana kwenye ramani, afisa anayeidhinisha ujenzi au barabara ataliona kabla ya kutia sahihi. Tathmini ya athari kwa mazingira inayotakiwa na sheria ya 1999 nayo itakuwa na pa kuanzia.

Nne, haki na mapato ya mwenye ardhi na ya jamii yaandikwe waziwazi.

Wakati Bunge la taifa likingojewa, kaunti si lazima zikae bure. Bunge la kaunti linaweza kutunga sheria kuhusu utamaduni, makavazi na mipango, ambazo ni kazi zake. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali mbili kukubaliana kuhamishiana kazi, ikiwa mmoja anaweza kuifanya vyema zaidi. Na kwa kuwa maboma haya hayajui mpaka wa Homa Bay na Migori, orodha moja ya pamoja ingefaa kuliko mbili zinazotofautiana.

Mkaazi afanye nini sasa?

Sheria ibadilishwe au isibadilishwe, yapo mambo ambayo mkaazi anaweza kufanya leo.

Asitoe mawe ukutani, wala asiruhusu lori kuyachukua. Asikarabati kwa saruji, kwa kuwa saruji huubadilisha ukuta uliojengwa kwa kubanana kwa mawe. Mti ukiota juu ya ukuta, asiung'oe kwa nguvu, maana mizizi hutoka na mawe. Aombe ushauri wa Makavazi.

Akipata mifupa iliyogeuka mawe, vigae au zana za mawe, aviache vilipo na kutoa habari ndani ya siku saba. Ardhi hii ina historia ndefu kuliko ya maboma. Huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Kitu kikiondolewa mahali kilipolala, sehemu kubwa ya habari zake hupotea. Chifu au afisi ya utamaduni ya kaunti inaweza kumsaidia mkaazi kufikisha taarifa kwa Makavazi.

Mzee anayejua jina la boma, ukoo uliokaa humo na sababu ya kuhama, aandikiwe au arekodiwe mapema. Habari hizo haziwezi kuchimbwa ardhini.

Mwisho, mkaazi anaweza kudai sheria. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa haki hiyohiyo mbele ya bunge la kaunti. Ombi halihitaji wakili. Linahitaji kueleza jambo linaloombwa, sababu zake, na kuwa na sahihi za wanaoliwasilisha. Mswada unapoletwa kwa maoni ya umma, ukumbi usiachiwe watu wa mjini pekee. Mwenye ukuta shambani ndiye mwenye la kusema.

Maswali ya kujadiliana barazani

1. Katika wadi hii kuna maboma mangapi, na nani anajua majina yake?

2. Boma likiwa katika shamba la mtu binafsi, ni masharti gani yanayofaa, na mwenye shamba apate nini?

3. Je, ulinzi uanze kwa notisi ya Gazeti Rasmi, au kwa umri wa ukuta?

4. Ada ya wageni ikikusanywa, igawanywe vipi kati ya serikali ya kitaifa, kaunti, ukoo na mwenye ardhi?

5. Nani katika kijiji bado anajua kupanga ukuta wa mawe bila saruji, na anamfundisha nani?